Sanduku la Yule Mama Lilikuwa Tupu

Jioni moja, katika chumba cha video hapa Kasongo, Kongo, tulifika pale ambapo filamu ya Kibongo inakuamuru ulie. Mume amerudi na mke mpya. Mke wa zamani anatolewa usiku, kinanda kimepandishwa hadi spika zinakoroma, mvua inanyesha upande mmoja tu wa geti. Mama wa watu anatoka na sanduku lake la magurudumu, kubwa kama mbuzi aliyelala. Akafika kwenye ngazi, akaliinua kwa vidole viwili kama aokotaye unyoya, akashuka nalo huku analia.

Nyuma yangu alikuwa ameketi mama mmoja muuza mawese. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Hilo sanduku ni tupu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na filamu ikafia pale pale. Ilikuwa imebaki nusu saa nzima, yenye mganga, ajali ya gari, na mume kupiga magoti hospitalini. Hakuna aliyejali. Kila yule mwanamke alipoonekana, mtu mmoja gizani aliwakumbusha wenzake: sanduku tupu huyo. Nami nikawa nawaza kwamba mama wa mawese ametoa uhakiki mfupi kuliko wote niliowahi kuusikia, na hauna jibu. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi hatoki na sanduku tupu. Ana vitenge vyake, vingine bado havijashonwa. Ana sufuria alizopewa na mama yake, na hawezi kumwachia yule mwingine. Sanduku la namna hiyo linakuvuta bega, linakugonga goti kila ngazi, linakulazimisha usimame njiani upumue, na ukishasimama ndipo machozi yanapokuja. Mwongozaji alitaka machozi bila kugharimia mzigo.

Mimi si mhakiki. Kazi yangu ni chaki na madaftari, na filamu naiendea Jumamosi kama wengine wanavyoendea karata. Filamu zilizosifiwa Ulaya zimewahi kunilaza usingizi. Zilizodharauliwa na wasomi nimezirudia hadi najua nani atakufa na atakufia wapi. Nampenda Jean-Claude Van Damme na sioni haya kusema. (Ni Mbelgiji, mtu wa Brussels. Wabelgiji wa kwanza kuingia Kasongo kwa nguvu, na jeshi la kamanda wao Dhanis, Aprili 1893, walikuja na bunduki na mzinga. Huyu alikuja na teke la kuzunguka, na watoto wetu wakampokea vizuri zaidi.) Lakini tangu jioni ile nimebaki na kipimo kimoja. Siangalii tena kama mwigizaji analia vizuri. Naangalia mikono yake. Kile anachokishika kina uzito au hakina?

Anayeishi Kasongo au Kabambare ataelewa kwa nini. Huku kitu hakifiki chenyewe. Kuna mtu amekifikisha. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, kwenda Kindu ni zaidi ya 200, na mvua ikishanyesha wiki mbili, kilomita inabadilika urefu. Mchele, chumvi, sabuni, mabati, bidoni za mawese, vyote vimepita ubavuni mwa baiskeli. Na baiskeli hiyo, kinga kama wengine wanavyoiita, haipandwi. Inasukumwa. Mti mmoja unafungwa kwenye usukani ili uiongoze, mwingine unasimamishwa nyuma ya kiti ili uisukume, na mwenye nayo anatembea pembeni siku kadhaa ameinama kama anayezungumza na tairi. Hata mafuta ya jenereta ya chumba cha video yamekuja hivyo, au kwa pikipiki iliyozama matopeni mara tatu. Kitu pekee kinachofika Kasongo bila kumlemea mtu ni filamu yenyewe. Filamu mia mbili zinakaa kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, na mtu anaweza kuzisahau mfukoni mwa suruali akazifua.

Wala mzigo si habari ya leo huku. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyeifanya Kasongo makao yake, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Msomaji anayetafuta mapanga na farasi atayapata mapigano, lakini zaidi atakutana na frasila, na tena frasila. Frasila moja ni kama kilo 16. Pembe kubwa ya ndovu ilipita frasila mbili, nayo ilikwenda begani mwa mtu kutoka huku, kupitia Kabambare, hadi Ujiji, Tabora, na pwani. Wengi wa waliobeba hawakuulizwa kama wanaitaka safari hiyo. Tajiri yule alijua uzito wa kila pembe. Wa bega lililobeba hakuuandika.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna filamu ya Marekani ya mwaka 1939 iitwayo Stanley and Livingstone, niliitafuta kwa hamu. Spencer Tracy ni Stanley, Cedric Hardwicke ni mzee Livingstone. Tracy ni mwigizaji mzuri hata akiwa amesimama tu, nitampa haki yake. Lakini wapagazi! Wanapita na makasha vichwani, shingo zimenyooka, hatua nyepesi, kama wapambe wa bwana harusi. Mtu aliyebeba kasha la kweli tangu alfajiri shingo yake imeingia kifuani, na haimbi isipokuwa kwa kupokezana, ili apate pumzi.

Na kuna jingine lililonikera. Filamu inamkuta Livingstone Ujiji, amekaa, anangoja kupewa mkono. Alikuwa ametoka wapi? Alikuwa ametoka kwetu. Tangu 1870 hadi mapema 1871 alilala miezi mingi pale alipopaita Bambarre, yaani Kabambare, miguu imejaa vidonda, hawezi kutembea. Kisha akaenda Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la Uingereza, akikatiza mistari iliyochapishwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea. Karatasi nayo ni mzigo, na mzigo wake haukuwa umefika. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza wa gazeti sehemu hizi aliandika juu ya gazeti badala ya ndani yake. Hayo yote yangekuwa filamu. Walichagua kupeana mikono.

Lakini sitaki kuonekana mtu wa kudai mizani kila mahali. Tuchukue gogo. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anatokea mara ya kwanza akiteremka mlimani na gogo zima begani, mkono mwingine umeshika msumeno wa mashine. Nimeitazama si chini ya mara kumi, na kila mara chumba kinagawanyika. Vijana wanapiga miluzi. Wazee waliowahi kutoa mbao msituni wananyamaza, halafu mmoja anauliza swali la kitaalamu: mbona hakuweka nguo begani? Gome litamchuna. Linazuka bishano, mtafsiri wetu anaongeza chumvi kwenye maikrofoni kwamba huyu jamaa alinyonya maziwa ya faru, na sote tunaendelea kwa furaha.

Gogo lile halinisumbui hata kidogo. Ni majigambo, na hakuna anayekwenda na mizani kwenye majigambo. Babu akisimulia jinsi alivyobeba nyati mzima, hatumuulizi kilo. Filamu ikiniomba nishangilie, naweza kuisamehe karibu kila kitu: risasi zisizokwisha, gari linaloruka mto, Van Damme kupofushwa na unga katika Bloodsport na bado akashinda. Ikiniomba nilie, hapo nahitaji kilo. Yule mama wa mawese hakumcheka Schwarzenegger. Nilikuwapo.

Titanic ya mwaka 1997 inaomba tulie, na hapo ndipo watu wa mto Lualaba walipoiweka kitimoto. Mnajua mabishano yenyewe, yameenea dunia nzima: ule ubao alioulalia Rose ungewatosha yeye na Jack au la? Kule kwenye mitandao, nasikia, watu wanapima upana. Mpiga kasia mmoja tuliyekuwa naye hakupima upana. Alisema nafasi ipo, lakini maji hayaulizi nafasi, maji yanauliza uzito. Wa pili akipanda, wote wawili vifua vinaingia majini, na katika maji ya baridi namna ile wamekwisha. Akarudi kutafuna karanga zake. Mwaka 2023 James Cameron mwenyewe aliwaweka watu wawili kwenye maji baridi mbele ya kamera za National Geographic ili apime jambo hilo hilo, na akakubali kwamba kwa mkao fulani huenda Jack angeweza kupona. Mpiga kasia wetu hakubali hadi leo. Anasema mkao huo haupatikani na mtu anayetetemeka.

Kuhusu dhahabu, waulizwe watu wa Kabambare. Kule Namoya na Salamabila mtu anaweza kuchimba na kuosha mchanga siku nzima, akarudi na kitu kinachokaa chini ya ukucha. Mnunuzi ana mizani ndogo kama ya mchezo wa watoto, na nimeona kijiti cha kiberiti kikiwekwa upande wa pili kuwa jiwe la kupimia. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha filamu ambayo majambazi wanarushiana vipande vya dhahabu kama mikate, hakasiriki. Anawaonea huruma. Kipande kimoja cha dhahabu cha benki kuu kina karibu kilo 12 na nusu. Ukirushiwa, unavunjika kidole.

Filamu moja tu ya wizi wa dhahabu ndiyo nimeiona ikiheshimu jambo hilo: The Italian Job ya Waingereza, ile ya mwaka 1969 yenye Michael Caine. Katikati kuna utani mwingi na magari madogo, nusu yake nilikuwa napiga miayo. Lakini mwisho wake! Basi limetoka barabarani, nusu yake inaning'inia juu ya korongo. Watu wako upande mmoja, dhahabu iko upande wa pili. Wakiifuata, dhahabu inateleza zaidi na basi linainama. Filamu inaishia hapo. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kuchimba Salamabila alinyamaza muda, kisha akasema, "Wangeiacha." Akanyamaza tena. "Lakini nani huiacha?"

Sasa niseme la moyoni kuhusu filamu za Tanzania, kwa sababu nimeanza kwa kuzicheka na haifai kuishia hapo. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, huku kuna watu waliomlilia kama mtoto wa jirani, na walikuwa na haki. Kwa miaka mingi mtu kwenye kioo alisema nasi kwa Kifaransa, au Kilingala cha Kinshasa, au Kiingereza kilichohitaji DJ wa Dar es Salaam kama Lufufu ili tujue nani kamkosea nani. Ghafla akatokea mtu anayegombana na mkewe kwa Kiswahili. Kiswahili kilichoingia Maniema na misafara ya karne ya kumi na tisa kilirudi kwetu kwenye diski za bei poa, kimevaa suti. Watoto wetu wakaanza kusema "mambo vipi" na kuwasahihisha wazazi wao. Bibi yangu, aliyekuwa akisema kwamba Kiswahili cha Kasongo ndicho kilichonyooka kuliko chote cha Kongo, hakufurahi.

Shida yangu ni nyumba zao. Geti linafunguliwa, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, na hayo yote tunayatazama mwanzo hadi mwisho kana kwamba tunamlinda asiibiwe. Akiingia, sebule haina mtu anayeishi humo. Hakuna ndoo ya maji ambayo mtu ameichota, hakuna nguo zinazongoja pasi, hakuna mtoto wa shangazi aliyelala kochini. Nyumba nzima ni sanduku tupu. Waigizaji hawana pa kuuegemeza mwili, basi wanapiga kelele.

Tofauti na wale wa Wakaliga, Kampala. Nabwana I.G.G. alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, bunduki zao ni vyuma chakavu na mbao, helikopta zimechorwa kwa kompyuta na zinaonekana wazi kwamba zimechorwa. Hakuna chenye uzito wowote. Lakini VJ Emmie anazungumza juu ya filamu yote, anaichokoza mwenyewe kabla hujaichokoza wewe. Sanduku ni tupu na wamelifunua ulione. Nilicheka hadi nikatoa machozi, na machozi hayo hawakuyaomba.

Kuna filamu moja ya kale ambayo ilikuja hapa kwenye flashi ya mfanyabiashara mmoja, bila tafsiri, bila DJ, Kihindi kitupu: Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Mwenye chumba aliiweka kwa sababu zile mpya zilikuwa zimekwama. Nusu ya wanaume waliondoka nyimbo zilipoanza. Wanawake walibaki, na wengine wakaitwa nyumbani waje. Nargis ni mke wa mkulima mwenye deni kwa mkopeshaji wa kijiji. Mume anapoteza mikono chini ya jiwe kubwa, kisha anaondoka. Mafuriko yanakuja. Ng'ombe hakuna. Yule mwanamke anajifunga jembe la kukokotwa na ng'ombe, anaanza kulivuta mwenyewe kwenye tope, watoto wanamfuata.

Nargis alikuwa nyota wa Bombay. Sidhani alihitaji kulima ili ale. Lakini alipolivuta jembe lile, mgongo wake ulikwenda mbele kabla ya miguu, jinsi unavyokwenda mgongo wa mtu anayevuta kweli, na kisigino kikazama. Hakuna aliyeelewa neno hata moja la Kihindi. Mama mmoja mtu mzima, mkono shavuni, akasema, "Huyo amelima." Ikawa kimya. Wale walioondoka wakasimuliwa kesho yake, wakasema wametapeliwa.

Nafika kwenye filamu ambayo jina lake litawachanganya wasomaji wa gazeti: Makala. Haihusu maandishi. Kwetu Kongo makala ni makaa ya kupikia, na filamu hiyo ya Mfaransa Emmanuel Gras ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017. Inamfuata kijana mmoja wa kijijini, upande wa Kolwezi, Katanga. Anaitwa Kabwita Kasongo. Jina hilo ndilo lililonifanya niitafute, nakiri. Nilidhani ni wa kwetu. Anazungumza Kiswahili cha Katanga, na ndani ya dakika kumi nilisahau kujiuliza ni wa wapi.

Hakuna hadithi ya kusimulia. Kabwita anakata mti mkubwa kwa shoka. Mti unachukua muda wake kuanguka, na filamu inakubali kungoja. Anaufukia na udongo, anauchoma, anatoa makaa, anayajaza magunia, anayafunga kwenye baiskeli hadi baiskeli haionekani tena, kinaonekana kilima kinachotembea. Kisha anasukuma. Kolwezi iko kama kilomita 50. Vumbi, mlima, malori yanayopita usiku karibu yamguse. Lori moja linauangusha mzigo wake. Njiani watu wanamdai ushuru na anawaachia gunia. Mjini wanunuzi wanampunguzia bei kana kwamba yale magunia yameota pale pale sokoni. Amebeba viatu vya binti yake anayeishi huko kwa ndugu. Ndoto yake ni nyumba yenye mabati, na akiuliza bei ya mabati unaona anavyogawa magunia kichwani: haitoshi, haikaribii.

Nimeitazama mara mbili, na sijawahi kuona filamu nzito kuliko hiyo, kwa maana ya kilo. Unaposikia tairi linavyolia kwenye mchanga, mabega yako yanajikunja kitini. Lakini lazima niseme kweli. Kwanza, ile selo inayosindikiza picha. Mwanamuziki Gaspar Claus anapiga vizuri, sina neno naye, ila kila inapoanza kulia namkumbuka yule aliyepandisha kinanda kwenye filamu ya sanduku. Baiskeli ile tayari ilikuwa ikiimba. Pili, nilimwonyesha kwenye simu binamu yangu ambaye amesukuma mchele na mawese miaka minane kati ya Kabambare na Kasongo. Nilitegemea aguswe. Akaitazama robo saa, akasema, "Yaya, kamba hajaifunga vizuri, tazama, gunia la juu litamwelemea kushoto." Akanirudishia simu. Mimi nikaendelea, nikafika pale lori lilipouangusha mzigo, nikamwita aje aone. Akachungulia. "Si nilisema?" Halafu akauliza kama wale Wazungu wenye kamera walimsaidia kusukuma. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nikiitazama namtafuta mtu ambaye haonekani, yule anayetembea nyuma yake na mikono yake imeshika kitu kingine.

Dieudo Hamadi, mtu wa Kisangani, alilijibu swali hilo kwa namna yake. Katika En route pour le milliard, ya mwaka 2020, anapanda jahazi pamoja na majeruhi wa vita vya siku sita, vita ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani Juni 2000. Wanateremka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Wengi hawana mguu, au miguu. Mvua inanyesha, turubai linavuja, na miguu ya bandia inavuliwa, inawekwa kando. Mguu wa bandia ukivuliwa ndipo unaona jinsi ulivyo mzito. Hamadi haonekani kwenye picha, lakini unahisi kwamba naye amelowa. (Félicité ya Alain Gomis, ambayo wengi wanaiweka juu zaidi, iliniacha katikati: nusu ya kwanza nilishika moyo, nusu ya pili nikapotea. Ila lile friji bovu ambalo fundi analihangaikia, lile lilikuwa friji la kweli. Namjua mwenye friji kama hilo.)

Na televisheni? Wazee wanakumbuka habari za jioni za zamani zilivyokuwa zikifunguliwa: mawingu, na katikati ya mawingu uso wa Mobutu unashuka kuelekea kwetu. Kasongo walioiona kwa macho yao ni wachache, waliokuwa na safari za Bukavu au Kinshasa, nao walirudi wakiisimulia kwa mikono. Rais asiye na miguu, asiyekanyaga tope lolote, ameshushwa kama ungo. Nadhani ndiyo picha isiyo na uzito kupita zote iliyowahi kutengenezwa nchini mwetu, na mwenye uso huo tulimbeba zaidi ya miaka thelathini.

Lakini Juni 2022 niliona nyingine. Chumba chetu cha video kilikuwa kimepata dishi kwa ajili ya mpira. Siku hiyo mwenye chumba alifungua televisheni ya taifa badala ya filamu, tukanung'unika, kwa sababu tumelipa. Kwenye kioo kulikuwa na jeneza limefunikwa bendera, linashushwa kutoka kwenye ndege, wanaume wamelibeba mabegani, wanatembea hatua kwa hatua. Alikuwa Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua, ng'ambo ya mpaka wetu na Sankuru, ambaye Wakusu wengi wa hapa humhesabu kuwa ndugu. Kilichokuwa kimebaki kwake ni jino moja, alilolichukua polisi wa Kibelgiji baada ya kuuharibu mwili wake mwaka 1961. Tarehe 20 Juni Wabelgiji walilikabidhi Brussels ndani ya kisanduku kidogo cha buluu. Likatiwa kwenye jeneza, likarudi nyumbani.

Mzee mmoja aliyeketi mbele, ambaye husinzia katika kila filamu, aliuliza ndani ya jeneza kuna nini.

"Jino," mwenye chumba akamjibu.

"Jino tu?"

"Jino tu, baba."

Nikageuka kumtafuta mama wa mawese. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kitenge amekikaza kiunoni, macho kwenye kioo. Hakusema kitu. Wale wanaume walikuwa bado wanatembea, mabega yameshuka, na mmoja wa upande wa kulia alikuwa akitikisika kidogo kila anaponyanyua mguu. Yule mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Basi waende polepole," akasema.